Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ushiriki wa Chama Chetu kwenye Tamasha la Pass'Portes du Soleil

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, ninayo heshima kuwasilisha mbele yenu taarifa ya shughuli za chama chetu cha waendesha baiskeli kwa mwaka unaomalizika. Mambo ya kawaida nitayapitia kwa haraka. Kamati ilikutana kama ilivyopangwa, wanachama walio wengi wamelipa ada zao, na safari zetu za Jumapili kandokando ya Ziwa Léman na za kupanda mlima Salève ziliendelea mpaka baridi ilipotuzuia. Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina, nami sitamtangulia. Sehemu kubwa ya taarifa hii nimeitenga kwa ajili ya jambo lililotufunza zaidi ya mengine yote mwaka huu, nalo ni kushiriki kwetu, mwishoni mwa Juni, kwenye tamasha la baiskeli za milimani la Pass'Portes du Soleil.

Kwa faida ya wanachama wapya, hasa waliofika Geneva hivi karibuni kutoka Dar es Salaam, Nairobi na Bujumbura, nieleze kwanza mahali penyewe. Portes du Soleil ni eneo la vituo 12 vya mapumziko vilivyokaa pande mbili za mpaka wa Ufaransa na Uswisi, kusini mwa Ziwa Léman. Upande wa Ufaransa, katika Haute-Savoie, kuna Morzine, Les Gets, Avoriaz na Châtel, na upande wa Uswisi, katika jimbo la Valais, kuna Morgins, Les Crosets na Champéry, chini ya vilele vya Dents du Midi vinavyofikia mita 3,257. Miongoni mwa waliosukuma wazo la kuviunganisha vituo hivyo ni Jean Vuarnet, mtelezaji wa theluji wa Morzine aliyenyakua dhahabu ya Olimpiki mwaka 1960, ambaye pia alikuwa nyuma ya ujenzi wa Avoriaz, mji usioingiza magari uliofunguliwa mwaka 1966 kwenye mwinuko wa mita 1,800. Lifti za nyaya zilizojengwa kwa ajili ya theluji ndizo zinazobeba baiskeli wakati wa kiangazi, zikining'inizwa kwenye ndoano nyuma ya viti au nje ya vibanda. Wenyeji hawaichukulii biashara hii kama nyongeza ndogo. Morzine na Champéry ziko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,000 tu, na kwenye mwinuko huo theluji haitegemewi tena kama zamani, hivyo mapato ya Juni hadi Septemba yamekuwa sehemu ya riziki ya mabonde hayo.

Tena si eneo la kujaribiajaribia. Les Gets imeandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za milimani mwaka 2004 na tena mwaka 2022, ambapo Loïc Bruni alitwaa ubingwa wa dunia wa mteremko mbele ya Wafaransa wenzake na Nino Schurter wa Uswisi akachukua taji lake la 10 katika mbio za nyika (cross-country). Champéry nayo iliandaa mwaka 2011, siku ambayo Danny Hart wa Uingereza alishuka kwenye matope na mizizi iliyolowa na kumwacha mshindi wa pili kwa zaidi ya sekunde 11, katika mchezo ambao kwa kawaida huamuliwa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Niliwaomba vijana wetu waitazame video ya mshuko huo kabla ya safari, si kwa nia ya kumwiga, bali waone jinsi udongo wa kule unavyobadilika mvua ikinyesha.

Tamasha lenyewe si mashindano. Hakuna anayepimwa muda, na mtu anaweza kuanzia kituo chochote kati ya vile vinavyoshiriki, akafuata alama za mzunguko mpaka arudi alikotoka. Mzunguko mzima una takriban kilomita 80, na hapa ndipo naomba usikivu wenu. Kwa kuwa lifti zipatazo 15 hufanya kazi kubwa ya kupandisha watu, mwendeshaji hupanda kwa nguvu za miguu yake karibu mita 1,000 tu, lakini hushuka zaidi ya mita 6,000 ndani ya siku moja. Salève yetu, kutoka uwanda wa Geneva hadi kileleni, ina karibu mita 1,000. Kwa maneno mengine, aliyemaliza mzunguko ameshuka Salève mara sita mfululizo, na si kwa barabara ya lami, bali kwa vijia vya changarawe, mizizi, mawe na kona zilizoinuliwa kingo.

Chama chetu kimejengwa na wapandaji. Wengi wetu tulianza na baiskeli za Phoenix, wengine tukiwa Lushoto, wengine Iringa au Kisii, na tunapokutana Jumapili tunasifiana kwa pumzi na kwa uwezo wa kumaliza mlima bila kushuka kwenye baiskeli. Pumzi hiyo ni mali, na sitaki idharauliwe. Hata hivyo, saa sita mchana, tulipokusanyika karibu na Les Crosets, waliokuwa wamechoka zaidi walikuwa wale wanaoongoza kila Jumapili. Mapafu yao yalikuwa salama kabisa. Kilichowachosha kilikuwa vidole, viganja, mabega na mapaja, kwa sababu walishuka kila mteremko wakiwa wamekaa juu ya siti na kubana breki tangu juu hadi chini. Wakati huohuo mama mmoja wa chama chetu, ambaye huwa nyuma kwenye Salève, alikuwa bado mchangamfu, kwani alijifunza zamani kushuka akiwa amesimama juu ya pedali, siti imeshushwa, visigino vimeinama na macho yakitazama mbali mbele ya gurudumu. Kwa maoni yangu, hilo ndilo somo kuu la mwaka huu: kushuka ni kazi inayojitegemea, ina maarifa yake, na haiji yenyewe kwa sababu mtu ana nguvu za kupanda.

Suala la breki linahitaji maelezo marefu kidogo, maana ndilo lililoleta hofu nyingi njiani. Mtu na baiskeli yake wakiwa na uzito wa jumla wa kilo 95, wakishuka mita 1,000, hubeba nishati ya karibu kilojuli 930 ambayo lazima ipotelee mahali fulani. Sehemu huchukuliwa na upepo na tairi, lakini kwenye njia yenye mwinuko mkali sehemu kubwa hugeuka joto kwenye diski na pedi za breki, na joto la kiasi hicho chote lingetosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji ya chai. Anayebana breki mfululizo haipi diski nafasi ya kupoa. Pedi hupata ngozi laini inayoteleza, mafuta ya breki yaliyozeeka na kuingiwa na unyevu huanza kuchemka, na mkono wa breki hulegea mpaka ukagusa usukani. Wanachama kadhaa walifikia hatua hiyo kwenye mteremko wa kuelekea Morgins na ikabidi tusimame kwa muda mrefu. Mafundi waliokuwa kwenye uwanja wa maonyesho ya tamasha walitueleza kwa upole namna inavyopaswa kufanywa: punguza mwendo kwa nguvu kabla ya kona, breki zote mbili, ya mbele ikifanya kazi kubwa zaidi, kisha uachie kabisa unapoingia kwenye kona. Walitushauri pia kuweka pedi za chuma badala ya zile za utomvu (resin) kwa miteremko mirefu, na kubadilisha mafuta ya breki kila mwanzo wa msimu hata kama breki zinaonekana kushika vizuri.

Naomba nieleze pia ajali iliyotokea, kwa ruhusa ya mwenzetu aliyeumia, ambaye ameomba asitajwe jina. Manyunyu ya alasiri yalilowesha mizizi kwenye kipande cha msitu, gurudumu la mbele likateleza, naye akaanguka kwa bega na kuvunjika mfupa wa mtulinga. Waokoaji walifika mapema na kumhudumia kwa heshima kubwa, na sasa amepona na amerudi kwenye safari za Jumapili. Lakini wakati tukimsubiri daktari, iligundulika kwamba wengi katika kundi hawakujua bima zao zinalipa nini. Nchini Uswisi, mwajiriwa anayefanya kazi angalau saa 8 kwa wiki kwa mwajiri mmoja amekatiwa bima ya ajali za nje ya kazi. Mwanafunzi, aliyejiajiri na mwenye vibarua vya saa chache hawamo, na hutegemea bima ya msingi ya afya, ambayo kwa uokoaji ndani ya nchi hulipa nusu ya gharama kwa kikomo cha faranga 5,000 kwa mwaka. Upande wa Ufaransa, halmashauri ya mahali inaweza kumdai aliyeokolewa kwenye eneo la kituo. Ndugu na jamaa wanaotutembelea kwa visa ya Schengen wanayo bima isiyopungua euro 30,000, ila wanapaswa kusoma masharti yake kuhusu michezo ya hatari kabla ya kupanda lifti ya kwanza. Kila mmoja pia ahifadhi kwenye simu namba 112 kwa Ufaransa na 144 kwa Valais.

Kuna mambo madogo ambayo hayafai kupuuzwa. Mzunguko unavuka mpaka, hivyo kibali cha ukaazi au pasipoti vikae mfukoni, si kwenye gari. Lifti hufungwa alasiri na husimamishwa radi zinapokaribia, na anayekosa lifti ya mwisho hujikuta kwenye bonde jingine, pengine nchi nyingine, na mwendo mrefu wa gari wa kuizunguka milima. Kwa hiyo tulikubaliana kwamba anayechelewa kufika katikati ya mzunguko ageuze kupitia njia ya mkato, na wote waliofanya hivyo walifanya jambo la busara. Kwenye malisho, mageti ya ng'ombe hufungwa na anayepita wa mwisho, na pale Les Lindarets, ambapo mbuzi hutembea huru katikati ya kijiji, watu wote hushuka na kusukuma. Vituo vya chakula vya tamasha vilijaa mkate, jibini na soseji kavu za kienyeji. Kwa kuwa soseji hizo kwa kawaida ni za nguruwe, kina mama waliojitolea kubeba tende, ndizi na maandazi walituwezesha kula pamoja bila yeyote kujisikia ametengwa, na kamati inawashukuru kwa dhati.

Nimalizie kwa kuwasifu vijana. Walichagua wenyewe njia za bluu, zilizo rahisi zaidi, badala ya nyekundu, wakashuka kwa nidhamu, wakamsubiri kila aliyebaki nyuma, na baadhi yao wakawatafsiria wazee wetu maelekezo ya Kifaransa kwenye foleni za lifti. Nimekaa kwenye uongozi wa chama hiki muda wa kutosha kujua kwamba wazazi wengi walikuwa na wasiwasi kuwaruhusu, na napenda wazazi hao wajue kwamba imani yao haikupotea bure.

Kutokana na hayo, kamati inaleta hoja tatu. Kwanza, Jumapili moja ya kila mwezi kuanzia Machi iwe ya mazoezi ya kushuka, chini ya mkufunzi mwenye cheti, na makundi ya safari za milimani yapangwe kwa uwezo wa kushuka, si kwa kasi ya kupanda. Pili, sehemu ya fungu lililokuwa likitumika kununua jezi mpya kila mwaka ihamishiwe kwenye ununuzi wa vikinga magoti na helmeti za kufunika uso, zitakazokuwa mali ya chama na kuazimwa na mwanachama yeyote asiye na uwezo wa kununua zake. Tatu, asiruhusiwe mtu kusafiri na chama kwenye tamasha lijalo bila kuonyesha uthibitisho wa bima na bila baiskeli yake kukaguliwa breki na fundi katika wiki mbili zinazotangulia safari. Najua hoja ya pili itawagusa wanaopenda jezi zetu, nami nazipenda pia, lakini zile tulizonazo bado hazijachakaa, ilhali helmeti za kufunika uso hatuna hata moja.

Kwa kuwa nafasi za tamasha hujaa miezi kadhaa kabla, kamati inaomba hoja hizi zijadiliwe na kupigiwa kura katika mkutano huu, mara tu mweka hazina atakapomaliza kusoma hesabu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti