Kuhusu hesabu ya mtoto ajaye

Jinja

Kwa ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi zikufikie huko Arua, pamoja na shemeji na watoto. Sisi hatujambo. Nilichelewa kukujibu kwa sababu ya mitihani ya wanafunzi, lakini aliyonieleza Mama Zubeda yamenifanya nishike kalamu usiku huu: kwamba mnamngoja mtoto mwingine bila wasiwasi, kwa kuwa mliambiwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, humpata mtoto mmoja kati ya wanne, na Juma amekwisha kuibeba zamu hiyo.

Ndugu yangu, hesabu haiendi hivyo. Wewe na shemeji kila mmoja ana jeni mbili za himoglobini, moja nzima na moja ya selimundu, na kila mimba inapotungwa mnatoa moja moja bila kuchagua. Mtoto huugua akipokea ya selimundu kutoka kwenu wote wawili: nusu yako mara nusu ya mama ni robo, na robo hiyo haijui kwamba Juma alikwisha kuzaliwa.

Unakumbuka tulivyocheza karata, ule mchezo wa matatu, barazani kwa Mzee Ramadhani? Ree ni 4 katika karata 52. Ukivuta moja ukabaki nayo mkononi, zimesalia 3 katika 51, na anayefuata nafasi yake imepungua. Nadhani waliokushauri waliwaza hivyo. Lakini ukiirudisha na kuzichanganya upya, ni 4 katika 52 vilevile, hata kama ree imetoka mara tatu mfululizo. Mimba ni karata iliyorudishwa. Hata mkijaliwa watoto watatu zaidi, uwezekano wa wote kuukosa ugonjwa ni robo tatu mara robo tatu mara robo tatu, yaani 27 kwa 64, ambayo haifiki nusu.

Sikuandikii ili kuwatia hofu, kwani robo tatu ya kila mimba ni heri. Nataka tu mtoto apimwe damu mara azaliwapo, msingoje mikono na miguu ivimbe kama ilivyokuwa kwa Juma.

Tena yuko binti yenu Rehema. Kwa kuwa ni mzima, ile robo ya ugonjwa tunaiondoa. Katika njia tatu zilizobaki, mbili zinamfanya mbebaji, yaani mwenye jeni moja ya selimundu bila kuugua. Theluthi mbili, Hamisi! Na katika upimaji wa watoto wachanga wa nchi nzima wa mwaka 2014 na 2015, wabebaji walikuwa 13.3 kwa mia. Kabla ya kuzungumza mahari, yeye na huyo kijana anayemposa wapimwe.

Je, shemeji ameelezwa haya, au amebaki na maneno ya wale wazee? Anatarajia kujifungua lini, na wapi? Juma anameza dawa zake kila siku, na usiku analala ndani ya chandarua? Rehema nimwandikie mwenyewe, au utapenda uzungumze naye wewe kwanza?

Ndugu yako,
Swaleh