Mtoto wa miaka 8 anakaa benchi kusubiri nini?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wazazi wenzangu wa hapa Tanga, hasa wanaojiuliza kama nilivyojiuliza mimi, mtoto abaki na chandimu ya mtaani au apelekwe akademi ya mpira.

Mwanangu ana miaka 8. Mwaka jana tulimpeleka kwenye kituo kimoja hapa mjini, jina nalihifadhi. Akafanya majaribio akapita, nyumbani ikawa kama sikukuu, baba yake akanunua njumu, shingadi na jezi, bado ada ya kila mwezi, bado nauli za mechi za Muheza na Korogwe, tukatoa tu maana tuliamini mtoto anafundishwa. Siku moja nikaenda mwenyewe kuangalia. Mechi nzima mtoto kakaa benchi, kakumbatia chupa ya maji, soksi nyeupe pee hazina hata vumbi. Nikamfuata kocha, akanijibu, "Mama, leo tunatafuta pointi tatu." Pointi tatu za watoto wa miaka 8! Tunarudi kwenye bajaji mtoto kimya, tumekaribia kushuka ndo ananiuliza, "Mama, kwani mi sijui mpira?" Usiku ule sikulala.

Na jioni ileile alitoka pekupeku kwenda kwenye kiwanja cha mchanga nyuma ya nyumba, mpira wa mifuko na kamba, magoli ni kandambili nne. Wakagawana wenyewe, wadogo wakaongezewa mtu mmoja ili mambo yawe sawa, benchi hakuna, wamecheza mpaka adhana ya magharibi. Mwanangu karudi kachafuka mpaka masikioni, anacheka.

Sisemi akademi ni mbaya. Timu yetu ya Coastal Union ilichukua ubingwa wa ligi 1988, na mpaka leo kila mtu mzima hapa ana hamu ya kuliona tena kombe kwenye uwanja wetu wa Mkwakwani, hata mimi nina hamu hiyo hiyo. Ila tunamtwisha mtoto mdogo mzigo wa wakubwa. Norway wana utaratibu kwamba watoto hawawekewi msimamo wa ligi mpaka mwaka wanaotimiza miaka 11, na huko ndiko alikokulia yule mfungaji Haaland, kwenye mji mdogo tu wa Bryne. Uingereza watoto wa chini ya miaka 10 hawazidi saba kwa saba, kwenye kiwanja kidogo. Sisi huku tunamsimamisha kipa wa miaka 8 kwenye goli la upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, akipigwa mpira wa juu anausindikiza kwa macho, halafu wazazi pembeni wanamzomea. Jamani, afanyeje?

Na mazoezi ya kila siku nayo tuyaangalie, mtoto wa jirani yangu alianza kuchechemea, hospitali wakasema mfupa wa kisigino bado unakua na mbio zimezidi, apumzishwe.

Kwahiyo mzazi mwenzangu, kabla hujatoa ada muulize kocha swali moja tu, mwanangu atacheza dakika ngapi kila mechi? Akikwambia angalau nusu, mpeleke. Akianza habari za "inategemea", shika hela yako. Mtoto akifika miaka 12 au 13 na mwenyewe anaomba, hapo hata mimi nitauza kuku nimpeleke.

Sisi wetu tumemtoa. Nawaomba viongozi wa soka wa mkoa watuandalie bonanza la watoto wa chini ya miaka 10, hata mara moja kwa mwezi, bila pointi, bila kombe, viwanja vidogo, na kila mtoto aliyekuja acheze. Kina mama wa Makorora tuko tayari, uji na mihogo tutapika sisi.

Mama wa watoto watatu,
Makorora, Tanga