Soko limehamishwa ng'ambo, tumesahaulika kuvushwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Mimi ni muuza genge kwenye mji mmoja mdogo uliokatwa katikati na barabara kuu. Jina la mji naliweka kapuni, maana bado nataka kuuza hapo.

Mwaka jana halmashauri yetu ilitutoa kando ya barabara. Sitajifanya kwamba tulionewa. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 inasema hifadhi ya barabara kuu ni mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati, na meza zetu zilikuwa ndani kabisa ya hizo 30. Tukaambiwa tuhame kwa usalama wetu. Mgambo walipofika walikuta wengi tumeshafungasha.

Shida ni tulikopelekwa. Soko jipya liko ng'ambo ya barabara, na nyumba karibu zote ziko huku, pamoja na shule ya msingi na zahanati. Zamani mtu alitoka kwake hadi gengeni bila kukanyaga lami. Leo mji mzima unavuka kufuata kitunguu.

Tena wasiojua biashara hii niwaambie: mteja mkubwa wa genge ni mtoto aliyetumwa. Anakuja mbio na mia tano mkononi, nyanya fungu moja na kiberiti, "mama kasema umwongezee na kitunguu kidogo". Mara nne kwa siku, nyumba moja. Mzazi gani atamtuma huyo avuke mbele ya semitrela? Basi nyanya zinatulegea mezani, na wanaotutembelea kwa uhakika ni watu wa ushuru, saa moja asubuhi na mashine yao ya risiti. Wao kuvuka wanaweza.

Matokeo yake wenzangu wameanza kurudi. Giza likiingia utawaona upande wa huku, sinia chini, taa ya simu imeegemezwa kwenye ndoo, wamekaa karibu na lami kuliko zilivyokuwa meza zilizoondolewa. Madereva nao, tangu meza ziondoke, wanaona njia nyeupe. Kibao cha kilomita 50 kwa saa kipo, lakini zamani hasa kilichowapunguza mwendo ni ule msongamano wetu. Jumamosi moja bodaboda ilinipiga kikumbo nikiwa na beseni kichwani. Mimi nilipona na mchubuko wa kiwiko. Nyanya zilisambaa hadi kwenye mstari wa katikati, basi likapita juu yake, likafuata lori, nami nimesimama pembeni naangalia mtaji wangu ukigeuka rojo.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akigongwa na gari lililo kwenye 50, hatari ya kufa ni chini ya asilimia 20. Likiwa kwenye 80 inakaribia asilimia 60. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu meza, tuanze na mwendo wa magari.

Nilimfuata diwani wetu kuomba tuta na kivuko. Akanijibu kwa upole kwamba soko ni la halmashauri, ila barabara kuu ni ya wakala wa serikali, TANROADS, na zile za mitaani ziko chini ya wakala mwingine, TARURA, tangu mwaka 2017. Ni kweli, sibishi. Lakini barabara haikuletwa juzi, na mwenyewe anajulikana. Anayepanga kuvusha mji mzima kila siku humwandikia mwenye barabara kwanza, ndipo anagawa vizimba.

Wala sidai daraja la juu. Dar es Salaam kuna shule za msingi zilizowekewa matuta, vivuko na njia za waenda kwa miguu, na kwingine geti la shule likahamishwa lisifungukie barabara yenye magari mengi. Kazi hiyo ilipata Tuzo ya Ross ya miji mwaka 2019. Ni saruji, rangi na nguzo, vitu ambavyo hata kwenye duka la vifaa la hapa kwetu vinauzwa.

Ombi letu ni dogo. Kikao kijacho cha baraza la madiwani kimwite meneja wa barabara, na barua ya kuomba matuta mawili na kivuko kati ya shule na soko iandikwe siku hiyohiyo. Hadi rangi itakapopigwa, tupewe askari wa trafiki kwa muda wa saa mbili kila jioni, na asubuhi wakati wa shule. Na ushuru wa upande wa ng'ambo usimamishwe mpaka watoto waweze kutumwa tena.

Waheshimiwa wakitaka kujionea, waje saa kumi na mbili jioni. Beseni nitawaazima.

Muuza genge,
Tanzania