Faini haikuniondolea kokoto njiani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji nijibu tahariri yenu ya wiki iliyopita, ile iliyotaka waandamanaji walioketi barabarani wafungwe miaka kadhaa, ili iwe fundisho kwa kila anayeziba njia ya umma.

Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka 22. Na tangu nikiwa na umri wa miaka minne natembelea kitimwendo. Kwa hiyo habari za njia iliyozibwa nimezisoma kwenye majalada, kisha nikazikuta tena jioni nikirudi nyumbani.

Hao waandamanaji nilikutana nao siku ile. Walikuwa wameketi mistari mitatu, bega kwa bega, kutoka ukingo mmoja wa barabara hadi wa pili. Kijana mmoja aliyevaa kizibao cha njano aliniona ningali mbali, akapiga makofi mara mbili, watu kama sita wakainuka, nikapita katikati yao, wakaketi tena. Mmoja aliniomba radhi. Hata dakika moja haikuisha. Madereva waliokwama nyuma yangu hawakuwa na bahati hiyo, na hasira zao nazielewa. Sikushika kalamu kuwatetea vijana kwa kila jambo. Nimeishika kwa ajili ya kokoto.

Mwaka wangu wa mwisho kazini kulikuwa na mtu anajenga ghorofa kwenye njia yangu ya kila siku. Kokoto zake alizimwaga juu ya njia ya waenda kwa miguu, rundo lililofika kifuani kwa mtu aliyesimama. Upenyo uliobaki ulikuwa wa shibiri mbili hivi, wa kumtosha mtu mwembamba akipita ubavu. Mimi na magurudumu yangu tulilazimika kushuka barabarani. Asiyewahi kuketi kwenye kitimwendo huenda hajui kwamba ukingo mrefu haushukwi kwa mbele, utapinduka kifudifudi. Unageuka, unatanguliza magurudumu makubwa, unashuka kinyumenyume. Maana yake ni kwamba unaingia barabarani ukiwa umeyapa magari kisogo. Nilifanya hivyo mara mbili kwa siku, miezi saba.

Sheria haikulala, lazima niseme ukweli. Mwezi wa pili mjenzi yule alishtakiwa kwa kuziba njia ya umma, na kesi ikaja kwenye mahakama yetu. Alikiri kosa, akatozwa faini. Risiti niliiandika mimi. Alikuja dirishani na fedha zilizokwisha kuhesabiwa, akaweka risiti kwenye mfuko wa shati, akaenda zake. Jioni nilipopita, rundo lilikuwa limeongezeka. Lori la pili lilishusha mzigo mchana tukiwa bado tunapanga majalada. Mwezi wa nne alirudi kwa kosa lilelile. Faini tena. Safari hii alinitambua, akacheka kwa uungwana kabisa: “Karani, tutaonana.”

Ndipo nilipofahamu kwamba faini ile, kwake, ilikuwa kodi ya pango. Tena pango rahisi kuliko kukodi uwanja wa kuhifadhia vifaa vyake. Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Hawakusema tumwandikie na risiti.

Wasomaji wengi huchanganya mambo mawili hapa. Kesi ya jinai ni ugomvi wa dola na mkosaji. Fedha za faini zinaingia hazina. Mimi niliyeshuka ukingo kinyumenyume si mhusika wa kesi hiyo. Nikibahatika naitwa shahidi. Na hakimu anatoa adhabu iliyo mbele yake. Hati ya mashtaka ilitaka mtu aadhibiwe kwa kosa la tarehe fulani, haikutaka kokoto ziondoke, kwa hiyo kokoto hazikuondoka. Nilikuwa nimepiga chapa hati za aina hiyo miaka mingi bila kuona pengo lililomo, mpaka pengo lenyewe likawa langu.

Wenzetu wengine pengo hilo walishaliziba. Sheria ya barabara ya England na Wales ya mwaka 1980, kifungu cha 137, inamhusu kila anayeziba njia bila sababu halali, awe na bango mkononi au awe na rundo la mchanga. Baadaye kikaongezwa kifungu kingine nyuma yake: mahakama ikimtia mtu hatiani na kizuizi kikawa bado kipo, na yeye ana uwezo wa kukiondoa, inaweza kumwamuru akiondoe ndani ya muda maalumu, pamoja na adhabu au hata badala ya adhabu. Akikaidi, ni kosa jipya, na akiendelea kukaidi anaongezewa faini ya kila siku. Hiyo ya kila siku ndiyo ingemuuma mjenzi wangu. Mtu anayehesabu gharama humbadilishi kwa kumkaripia.

Mimi niliokolewa na mlango wa pili, ule wa madai, ambako mtu humshtaki mtu mwenzake. Nilimfuata wakili niliyemfahamu kwa kumwona kazini, na swali lake la kwanza lilinikera: “Wewe umeumia nini ambacho wapita njia wengine hawakuumia?” Nikadhani ananidhihaki. Kumbe hilo ndilo swali lenyewe. Katika nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, njia ikizibwa ni kero kwa umma wote, na mtu binafsi hawezi kudai fidia mpaka aoneshe madhara yake mwenyewe yaliyozidi ya wengine. Kanuni hiyo ina asili katika karne ya 16, pale Jaji Fitzherbert wa England alipotoa mfano wa mtu aliyechimba handaki kuvuka barabara kuu: nikija usiku juu ya farasi, tukatumbukia mimi na mnyama wangu, nina haki ya kumshtaki mchimbaji, kwa sababu nimeumia kuliko wengine. Jaji mwenzake hakukubaliana naye, aliona kosa la umma liadhibiwe na umma basi. Fitzherbert ndiye aliyeshinda mbele ya historia. Mwaka 1874, London, mwenye nyumba ya kahawa alilipwa fidia kwa sababu magari ya farasi ya jirani yake yalisimama mlangoni kwake mchana kutwa, yakamzibia mwanga hata akawa anawasha taa za gesi wakati wa jua, na harufu ya farasi ikawafukuza wateja.

Mimi sikuwa na farasi, lakini nilikuwa na mtaro. Siku moja nikishuka kinyumenyume, gurudumu dogo la mbele lilinasa kwenye wavu wa mtaro, uma wake, kile chuma kinacholishika, ukapinda, nikaanguka kwa kiwiko. Gari lililokuwa linakuja lilifunga breki. Fundi alibadilisha uma na gurudumu, akaniandikia risiti. Wakili aliifurahia risiti ile kuliko alivyohuzunikia kiwiko changu.

Tukafungua shauri (mahakama nyingine, kwa sababu zinazoeleweka). Pamoja na fidia tuliomba zuio la muda, tukaambatanisha hati ya kiapo na picha nilizopiga kila Jumatatu kutoka mahali pamoja, mlango uleule ukionekana nyuma. Baada ya wiki mbili amri ilitoka: aondoe kokoto ndani ya siku tatu, na mwishoni mstari ule ambao kila karani anaujua, kwamba atakayekaidi atahesabiwa amedharau mahakama na anaweza kwenda jela. Siku ya pili asubuhi nilikuta vibarua watatu na matoroli. Saa sita mchana njia ilikuwa wazi. Miezi saba, faini mbili, na kazi yenyewe ilikuwa ya nusu siku.

Sasa turudi kwa vijana wenu wa barabarani. Mnataka jela. England walikwenda huko: kifungu cha 137 kwa miaka mingi kilikuwa na faini tu, tangu Mei 2022 kina kifungo pia. Lakini mahakama zilizotazama mambo haya kwa utulivu hazikuuliza tu kama njia ilizibwa. Watu wanne waliolala barabarani mwaka 2017 karibu na maonyesho ya silaha huko London walizuia upande mmoja wa barabara kwa saa moja na nusu hivi, upande wa pili ukiwa wazi. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilirejesha uamuzi wa kwanza wa kuwaachia huru, kwa kuwa kuandamana nako kunaweza kuwa sababu halali kutegemea muda, eneo na ukubwa wa usumbufu. Wakulima wa Lithuania nao, waliofunga barabara kuu kwa matrekta mwaka 2003 kwa siku mbili hivi, walipewa kifungo cha siku 60 kilichoahirishwa, na Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu mwaka 2015 ikasema hapo haki zao hazikuvunjwa. Mimi naona hukumu zote mbili zina akili. Na ikiwa njia imefungwa pande zote na gari la wagonjwa limekosa pa kupita, basi aliyeketi mbele yake ajibu, na asiniambie habari za bango.

Mlango wa madai pia una ukali wake, nisiusifie kwa sababu tu ulinifaa. Kampuni ya usafirishaji ya Ujerumani iliwahi kuidai Austria fidia baada ya waandamanaji wa mazingira kufunga barabara ya Brenner, njia ya milimani kati ya Austria na Italia, kwa karibu saa 30, Juni 1998. Mwaka 2003 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema Austria haikukosea kuwaruhusu watu wapaze sauti zao. Hiyo ilikwisha vizuri. Lakini Novemba 2021 waandamanaji tisa wa Insulate Britain, kundi la mazingira lililotaka nyumba za Uingereza zizuiwe kupoteza joto, walikwenda jela, kati ya miezi mitatu na sita, bila kupitia baraza la wazee wa mahakama lolote, kwa sababu walikaidi zuio la madai lililoombwa na mamlaka ya barabara. Zuio la aina ileile iliyonifungulia njia. Mikononi mwa mnyonge ni ufunguo, mikononi mwa taasisi yenye mawakili kumi ni kitu kingine, na hakimu anayelitoa anapaswa kutazama aliyeliomba.

Linalonisumbua katika tahariri yenu ni hesabu. Waandamanaji walikaa saa tatu na nusu, wakaondoka kwa miguu yao wenyewe, na mnawapimia miaka. Mjenzi alikaa miezi saba, kwa faida yake peke yake, bila ujumbe wowote kwa yeyote, na gazeti lenu halikuwahi kumwandikia hata mstari. Najua, kokoto hazipigi kelele, na hazina picha ya kuweka ukurasa wa mbele. Tena anayezunguka rundo ni mtu mmoja mmoja, leo kipofu na fimbo yake, kesho mama anayesukuma mtoto kwenye kigari, hawafikii kuwa foleni.

Wanaoandika hati za mashtaka wangeongeza mstari mmoja tu wa kuiomba mahakama iamuru kizuizi kiondolewe, na faini ihesabiwe kwa siku tangu amri ilipotolewa. Pale sheria inaporuhusu tayari, ni suala la karani kukumbushwa, na mimi ningependa sana kukumbushwa wakati ule. Pale isiporuhusu, wabunge wanaopenda kuongeza miaka ya kifungo wakianzia hapo nitawasikiliza kuhusu hiyo miaka baadaye.

Fidia yangu ililipwa, kwa taarifa yenu: gurudumu, uma, na kiasi kidogo cha kiwiko. Ghorofa limekwisha na lina wapangaji. Mmoja wao anaegesha gari juu ya njia ya waenda kwa miguu, mahali palepale palipokuwa na rundo, na siku ile ya maandamano, baada ya vijana kunipisha, nilishuka ukingo kinyumenyume kwa ajili yake. Namba ya gari ninayo, na picha za Jumatatu nne.

Wako,
Karani mstaafu