Ndege mbua wasioweza kurudi porini wajengewe banda bora

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wasimamizi wa kituo kimoja cha mazingira hapa Tanga walitengeneze upya banda la ndege mbua, yaani wale wanaowinda wanyama wengine, ambao, kwa kuvunjika bawa au kupofuka, hawawezi tena kurudishwa porini. Furukombe, mwewe na bundi hao watamalizia maisha yao humo, hivyo banda la muda haliwafai.

Linaloniumiza zaidi ni mahali wanapotua. Ndege asiyeruka husimama mchana kutwa, na akisimama juu ya bomba au ubao bapa, nyayo zake huchubuka, huvimba na kuoza, hata ugonjwa ukaweza kufika mfupani. Matawi ya unene mbalimbali, yaliyozungushiwa kamba za katani, zao la mkoa wetu wenyewe, yangepunguza sana madhara hayo. Na kwa asiyeruka kabisa, yapangwe kama ngazi kuanzia chini. Wavu wa waya nao huharibu manyoya, kwa hiyo ndani zisimamishwe fito za wima.

Bundi atengwe na furukombe, apewe kisanduku chenye giza. Wanafunzi wakimwona ametulia, huenda wakaacha kumwogopa kama ndege wa uchuro. Kivuli na beseni la maji ni lazima kwa joto la pwani.

Msomaji wako,
Tanga