Miche ya KR ifike vijijini

Mhariri, naomba nafasi. Huu ugonjwa wa mnyauko wa kahawa ulionekana Bundibugyo, hapa kwetu Uganda, mwaka 1993 ukasambaa ukaua karibu nusu ya kahawa yetu aina ya robusta, na dawa ya kupuliza haipo, mti ukishashikwa ni kuung'oa na kuuchoma palepale. Watafiti wa kituo cha kahawa cha Kituza kule Mukono wakatutolea aina za robusta ziitwazo KR1 mpaka KR7 zinazostahimili mnyauko huo, kazi kubwa sana hiyo jamani! Sasa mbona vitalu vya huku kwetu Masaka bado vinauza miche ya mbegu tu? Robusta huchavushana na ya jirani, kwahiyo mbegu ya KR haikupi KR, lazima vikonyo, yaani vipande vya chipukizi vya kuotesha, vya mti wenyewe. Serikali ivipe vitalu vya vijijini miti mama ya kukatia vikonyo, tunataka kupanda mvua zijazo.

Mkulima, Masaka