Jumamosi tunaanza kulaza reli

Habari zenu watu wa treni, fremu ya meza ya treni yetu ya modeli imeisha jana usiku, mbao ni za sipres na juu ni plaiwudi, mita 6 kwa 3, imeshika karibu gereji yote hapa Section 58, Nakuru, na gari sasa inalala nje.

Skeli tusibadilishe tafadhali, iwe 1 kwa 22.5, kwa sababu reli yetu ya zamani, ile ilifika Kisumu 1901, ni ya upana wa mita moja, igawanye kwa 22.5 unapata milimita 44 na kitu na reli za modeli za 45 ziko, inaingia sawa kabisa. Ile ya HO, skeli ndogo ya 1 kwa 87, ni ya standadi geji, yaani reli pana kuliko ya mita moja, si yetu.

Mahali pa kupanda Mau tusipite sentimita 2 kwa kila mita. Nilijaribu 4, injini na mabehewa matatu ikafika katikati ikakwama, magurudumu yanazunguka tu pale pale.

Halafu stima. Kwa kona ya mbali injini ilikuwa inazubaa na taa inafifia, kumbe vile vibati vya kuunganisha reli havibebi moto vizuri peke yake, nikalehemu waya mbili tu hapo chini, ikapita taa imekaza, wacha nifurahi! Kwa hivyo waya kila baada ya mita mbili, hiyo ndio kazi kubwa ya Jumamosi.

Saa tatu asubuhi, mwenye ako na chuma ya kulehemu aje nayo, chai na mandazi ziko. Nani anatoka Kisumu nimwekee kitanda?